Rozari ya Kuhesabia Pumzi

Mlabani, Ifakara
Juni 1956

Shikamoo dada Tekla,

Hili sijamwambia mtu, hata padri kwenye kitubio. Pumu yangu huwa naituliza kwa yoga. Mke wa Mhindi mwenye duka amenifundisha kuvuta pumzi polepole. Anasema wazee wao waliifanya tangu kale ili akili itulie. Mimi humsomea kitabu chake cha yoga, maana kimeandikwa kwa Kiingereza naye hakijui.

Mpunga tumevuna. Jana baba, anayejua kwamba nashinda pale dukani, alinikuta nahesabu pumzi kwa rozari ya marehemu mama.

"Unaabudu miungu ya dukani kwa rozari ya mama yako?"

"Siabudu, baba. Nahesabu tu."

Ameichukua. Amesema Jumapili niape mbele ya padri kwamba nimeacha, la sivyo nihame. Nitaapa, maana sina pa kwenda. Kifua kikibana tena, dada, sijui nitafanyaje.

Mdogo wako,
Digna

Nasikia viatu vya baba mlangoni. Naficha karatasi chini ya mkeka, na pumzi imeshaanza kukwama.