Upepo wa Kusini na Madirisha ya Qiuyan

Guangzhou, 24 Machi 1996

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na magoti yamepoa. Sisi wazima, tumbo langu tu ndilo linalozidi kutangulia mbele.

Mama, umeondoka bila kuaga. Lakini nilikuambia: upepo wa kusini ukianza, huku tunafunga madirisha mpaka upite. Wewe ukaona kuta zinatoka jasho, ukayafungua yote. Maji yakatiririka hadi sakafuni, na nguo za pamba ulizomshonea mtoto zimeota ukungu. Hata hivyo sikupaswa kusema umekuja kuniharibia nyumba.

Mtoto anakuja Juni. Uliahidi kunilea mwezi mzima wa uzazi. Utarudi?

Binti yako,
Qiuyan

Harbin, 12 Aprili

Qiuyan,

Marahaba. Mimi mzima. Barafu ya mtoni imeanza kupasuka.

Tangu nizaliwe, nyumba ikiwa na unyevu nafungua dirisha, na inakauka. Ningejuaje kwamba kwenu upepo unaingiza maji ndani? Na ukanifokea mbele ya mama mkwe wako! Hilo limeniuma sana. Yeye si ndiye mjuzi wa hali ya hewa? Basi akulee yeye.

Mama yako

Guangzhou, 3 Juni

Mama,

Shikamoo. Barua zangu mbili hukuzijibu. Joto limekaza, mvua kila alasiri, miguu imevimba, viatu havinitoshi.

Jana mama mkwe alinisuta. Kumbe alipokuja Harbin kwa harusi yetu, Januari ile, alikataa kuvua makoti yake mawili ndani ya nyumba, na mabomba ya kupasha nyumba joto yamewashwa! Akazimia jikoni. Wewe ukamvua, ukampepea, hukumwambia mtu. "Mwite mamako, wee," kaniambia. "Supu ya tangawizi nitakupikia, lakini mama yako siwezi kuwa."

Nimekosa, Mama. Naogopa kuzaa bila wewe.

Binti yako,
Qiuyan

Harbin, 11 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimesoma nikacheka, kisha nikalia. Yule mama alikuwa mzito kama gunia la kabichi, mwambie hivyo hivyo.

Hasira yangu ilikuwa aibu tu: kuwa mgeni asiyejua kitu nyumbani kwa mwanangu mwenyewe. Nimeshakusamehe.

Mitungi ya achari amechukua shangazi yako, na funguo za nyumba nimemwachia. Treni ni Jumapili. Usije kunipokea na tumbo hilo, mtume mumeo. Tiketi niliyokata ni ya kuja tu.

Mama yako