Mlinzi wa Ndala

Alhamisi. Mvua imenyesha hapa Mapinga tangu alfajiri, uwanja wa shule ni tope tupu, na mimi nimerudi nyumbani najichukia.

Niseme tu. Nimemkosea Mwanaidi.

Mwanaidi ni mwanafunzi wangu wa darasa la tatu. Mpira ukirushwa, anafumba macho. Akikimbia, miguu inagombana. Mwaka jana, kila tukicheza rede, ule mchezo wa kurushiana na kukwepa mpira, kwenye kipindi cha michezo, timu zote zilimkataa: "Mwalimu, huyu anatufungisha!" Nami, kwa kutaka kelele ziishe, nikampa kazi ya kulinda ndala za wenzake. Nikamsifu mbele ya darasa, eti mlinzi hodari. Akafurahi kweli.

Mpaka leo analinda. Na kwenye andalio la somo naandika kila wiki, kwa mwandiko wangu mzuri, kwamba wanafunzi wote wameweza kuruka, kurusha na kudaka. Mwalimu mkuu anasaini.

Uongo mtupu.

Leo saa ya kutoka, mtaro wa getini ulijaa maji. Mtaro wenyewe mwembamba, hata mdogo wake Mwanaidi wa darasa la kwanza aliuruka huku anacheka. Mwanaidi akabaki upande wetu, kashikilia geti. Nikamwambia, "Ruka mwanangu, nipo hapa."

"Mimi siruki, mwalimu. Mimi si nalinda?"

Jamani! Alisema bila hata kusikitika.

Mama yake akaja, kanga imelowa chepechepe, akambeba mgongoni mtoto wa miaka tisa, wenzake wanamzomea. Na bado yule mama akanigeukia: "Ahsante mwalimu. Nyumbani kila siku anajisifu umempa cheo."

Nikaitikia, "Usijali, mama." Na tabasamu juu! Hata haya sina.

Nilikuwa najiambia nilimwonea huruma. Wapi! Nilikwepa kazi. Kudaka kunafundishwa kama kusoma, kidogo kidogo. Ningemwanzishia mpira wa matambara, karibu karibu, mimi na yeye, saa hizi angekuwa anajua.

Kesho naanza naye barazani, mstari wa chaki, aruke kwa miguu miwili. Hilo naliweza. Mama yake pia nitamwambia ukweli, anikasirikie tu.

Ila Mwanaidi mwenyewe? Nitamwambiaje kwamba siku zote anazojivunia, mwalimu wake alikuwa anamweka pembeni?