Beseni la Mlangoni

Jinja, Jumanne. Mvua tangu asubuhi, na mimi nachemka.

Nimechoka na beseni. Limenichosha kuliko zamu yenyewe.

Liko kwenye stuli mlangoni mwa wodi ya akina mama. Asubuhi tunatia maji na dawa ya kuua vijidudu. Kufikia saa nne maji yana rangi ya chai ya maziwa. Kila anayeingia anachovya vidole, anajifuta kwa taulo moja ya wote, kisha anaendelea na kazi akijiona msafi.

Mwezi uliopita nilipelekwa Mbale kwa mafunzo. Tulipakwa mikononi mafuta yaliyochanganywa na masizi. Wengine tukanawa kwa sabuni na maji ya jerikeni yenye bomba, wengine wakachovya kwa zamu kwenye beseni moja. Wa mwisho kuchovya alitoka mchafu kuliko alivyoingia. Tukajaribu na spiriti ya kujipaka mikononi. Inafaa ukiwa na haraka kati ya kitanda na kitanda, lakini masizi hayakutoka, na kwetu chupa yenyewe haikawii kuisha. Niliporudi nikatafuta jerikeni, nikampelekea fundi wa mtaa wa Mafubira aitie bomba, nikaiweka kando ya beseni.

Leo sikuikuta wodini. Ilikuwa kwenye chumba cha chai cha madaktari, imejaa maji ya kunywa.

Maji ya kunywa!

Niliporudi wodini kutafuta wa kunisaidia kuibeba, Daktari Wabwire akafika kumwona Akello, mke wa askari jela, aliyejifungua kwa upasuaji wiki iliyopita. Mshono wake umeanza kutoa usaha. Daktari alikuwa ametoka kumpasua mgonjwa mwingine jipu. Akachovya, akajifuta, akanyoosha mkono kwenye bandeji.

Nikasimama kati yake na kitanda.

"Daktari, naomba unawe kwa sabuni kwanza."

"Sista, toka hapo. Hapa si kwenu Kenya." Alisema kwa Kiswahili, lugha anayoitumia akitaka kutoa amri.

"Nitatoka ukinawa."

Mume wa Akello alikuwa amekaa pembeni, kofia magotini. "Sista, maji iko wapi?"

Nikamwambia. Akatoka, akarudi na jerikeni begani, mama wa chai nyuma yake akilalamika. Akaiweka mezani, akafungua bomba.

"Nawa, bwana daktari," akasema taratibu. "Huyu bibi yangu. Mimi naomba tu."

Daktari akanawa. Hakunitazama hata mara moja. Akaufungua mshono, akausafisha vizuri kabisa. Kazi anaijua, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Jioni Akello alikunywa uji wote, akaomba aletewe mtoto wake.

Kabla sijatoka kazini matroni akaniita. Jerikeni itabaki wodini, amesema, na hakuna atakayeihamisha tena. Lakini kesho nimwombe daktari radhi mbele ya wauguzi wote, kwa kuwa nilimwaibisha mbele ya jamaa wa mgonjwa.

Nimekaa hapa chakula kinapoa. Sijui nimeshinda au nimeshindwa. Kwa nini mtu aombwe, abembelezwe, aletewe maji hadi miguuni, ndipo anawe mikono yake mwenyewe?

Haya. Nitaomba radhi kwa ajili ya sauti niliyoitumia.

Kwa kusimama pale, hapana.