Mtaa Wetu Umepata Taa, Yaya

Yaya Odette, dada yangu mkubwa,

Naandika nimesimama, karatasi iko juu ya friji, maana nikikaa kitako nainuka tena. Tangu tulipokuzika ndivyo nilivyo. Nafagia palipokwisha kufagiwa, naenda mlangoni, narudi jikoni, nasahau nilifuata nini. Wateja wa mchana wameondoka, wa jioni bado hawajafika. Nina habari ya kukupa, na sijui utaifurahia au utanigombeza.

Barabara yetu imetengenezwa. Hii hii ya katikati ya mji uliyohangaika nayo miaka yote, ukienda ofisi za serikali za komini na viatu vya kanisani, ukirudi mikono mitupu. Watu wa matanga walikuwa hawajatawanyika vizuri komini ilipoleta mashine. Wameweka lami, mitaro imefunikwa, taa zimesimama pande zote mbili. Ulikuwa ukisema, "Barabara ikikuwa na taa, bantu batarudia." Wamerudi, Yaya. Maduka yaliyokuwa na kufuli zenye kutu yamefunguliwa: la simu, la vitambaa, la mikate, ambalo harufu yake inaingia hadi jikoni kwetu. Watu wanatoka Ruashi, wanatoka Kampemba, na wengine hawanunui kitu, wanatembea tu. Jumamosi ugali wangu wa bukari unaisha kabla jua halijashuka. Siku ya kwanza nilipoona watu wamepanga mstari mlangoni mwa mgahawa wetu, niligeuka nikuite. Nikabaki na mwiko mkononi.

Ningeishia hapo, ungelala vizuri. Lakini hukupenda kamwe kuambiwa nusu.

Mwenye nyumba amezeeka, sasa mwanawe ndiye anayeshughulikia wapangaji. Kijana wa adabu, alinisalimia kwa mikono miwili. Kisha akasema, "Mama, miye siko nakufukuza. Ni bei ya barabara ndiyo ilipanda." Kodi aliyoitaja singeiweza hata nikipika bila kulala. Akaongeza kwamba barazani hataki tena mtu wa beseni, eti wateja wapya hawapendi kuruka karanga za watu. Yaani Mama Béatrice. Yule aliyeuza karanga pale wakati mtaa ulikuwa hauna hata mbwa wa kupita, uliyempelekea sahani kila mchana ukisema, "Akule kwanza." Na Papa Ilunga, mshona viatu wa mlango wa pili, alikuwa ameshaambiwa atoke.

Nilikukasirikia, nakuambia wazi. Wewe ndiye uliyeutaka mtaa huu uamke, halafu ukaniachia mimi nishindane nao. Nikatembea mpaka relini, nikarudi, nikatembea tena. Nikaenda Ruashi kuangalia chumba. Malori ya mgodi yanapita mlangoni, vumbi linaingia sufuriani, na hakuna uso hata mmoja ninaoujua. Nikakishika kitasa cha mlango ule nikaona mkono wangu hautaki.

Niliporudi, Papa Ilunga alinikuta. Aliomba nimwekee mashine yake ya kushonea pembeni mpaka apate mahali. Nikawa naangalia iingie wapi, na hapo ndipo nilipouona ukumbi wetu kwa macho mengine. Wateja wa sasa wanakula haraka, wengi wanabeba chakula wanaondoka. Nusu ya ukumbi inakaa wazi, na mimi nilikuwa nikiililia kodi yake yote peke yangu.

Tukaenda kwa yule kijana sisi watatu. Nikamwambia tutagawana nafasi na kodi: mimi, Papa Ilunga, na Mama Béatrice ndani karibu na dirisha, si barazani tena. Akacheka kidogo. "Bantu batatu, mulango moja?"

Aliyejibu ni Mama Béatrice, ambaye kwa kawaida mbele ya watu wa namna ile anaangalia chini. "Moja akikuwa mugonjwa," alisema, "babili batakulipa. Pale kwa vitambaa, akigonjwa, nani atakulipa?"

Kijana akahesabu kwa vidole. Kisha akasema tujaribu.

Ila meza yako ndefu ilibidi itoke, ile ambayo wafanyakazi wa mgodi na makarani wa mahakama walikula wakigusana viwiko. Pale iliposimama pana ukuta wa mbao sasa. Walipoibeba nilikwenda kuosha sufuria zilizokuwa safi. Imejaza sebule yangu, tunapita kwa ubavu.

Kwa hiyo tupo. Papa Ilunga ana viatu vingi kuliko alivyowahi kuona, maana watu wanaotembea wanamaliza soli. Mama Béatrice ameanza kuuza na mikate. Ningepaswa kutulia.

Situlii. Wale mama wa nyanya wa pale kona walitolewa, beseni zao zikapakiwa kwenye lori. Sasa wanauza kule chini, lami inapokwisha, ambako wateja hawafiki. Kila asubuhi napita kwao, wananisalimia kwa jina lako, "Mudogo wa Odette," na sijui niyaweke wapi macho. Mtaa uliamka, wao wakasukumwa nje ya kitanda. Sisi tulipona kwa kubanana. Wao hawakuwa na ukuta wa kubanania.

Komini imeita wafanyabiashara wote mkutanoni Alhamisi. Nitawaombea nafasi kwenye barabara ya nyuma, ile pana ambayo magari hayaipiti. Wenzangu wawili wa maduka mapya wameniambia niache, nitajiharibia. Huenda. Unanijua, mbele ya mtu mwenye meza na muhuri maneno yananikimbia. Zamani nilikaa nyuma yako, ukasema wewe.

Mteja wa kwanza wa jioni ameingia, anauliza kama kuna samaki wa Kilwa, wale wa ziwani. Ngoja nimpikie.

Ubakie muzuri, Yaya. Nakuahidi Alhamisi nitasimama. Nikitetemeka, nitasema hivyo hivyo nikitetemeka.

Mdogo wako,
Clémence