Wageni wa Posa Wameniona Nikitetemeka

Pasiansi, Jumamosi jioni. Asubuhi mvua imenyesha, upepo wa ziwani ukaangusha nguo zote kwenye kamba, halafu jua likawaka utadhani haikunyesha. Nimechoka lakini nina furaha. Anayeandika ni mjukuu wangu Minza, mimi nasema tu, maana shule sikwenda, nilichunga ng'ombe wa baba. Minza, usinirekebishe. Andika hivyo hivyo.

Leo watu wa mchumba wa huyu Minza wamekuja kuposa, wametoka Buswelu.

Sasa, jana mwanangu Masanja, baba yake Minza, aliingia chumbani kwangu. Akakaa kitandani anaangalia sakafu. "Mama, kesho wewe pumzika tu huku ndani. Chakula tutakuletea." Nikamuuliza, kwani kesho nitaumwa nini ambacho leo siumwi? Nikajua. Anaogopa wageni wakiona mkono wangu unavyocheza watasema nyumba hii imerogwa, waondoke na posa yao.

Sikukasirika. Nilijiuliza, na kama ana haki? Nikimharibia mtoto ndoa yake?

Ugonjwa wangu unaitwa Pakinsoni. Ulianza na kidole gumba, nikadhani ni baridi ya kuanika dagaa alfajiri. Halafu hatua zikawa fupi, sauti ikashuka. Mimi! Mimi niliyekuwa namwita mtu wa mtaa wa pili bila simu! Majirani wengine wakasema nimerogwa, wengine wakasema bibi anakunywa gongo. Gongo sijawahi. Pombe ya mtama ndiyo, hiyo siyo siri.

Dawa nilipewa, na mwanzoni nilizikosea. Nilikuwa namezea maziwa ya mgando, maana sisi Wasukuma tunaona maziwa hayawezi kuharibu kitu. Nikaona hazifanyi kazi, nikazitukana. Nesi wa kliniki aliposikia alicheka mpaka akashika meza. "Bibi, maziwa yanaizibia dawa njia! Meza na maji, tumbo tupu, kaa kidogo, ndipo ule." Tangu hapo mimi na dawa tunaelewana. Kikombe changu kina mfuniko. Magauni yangu hayana vifungo. Na dagaa bado naanika, ila nageuza nimekaa kwenye kigoda. Nilikuwa nasema nini? Ndiyo, wageni.

Asubuhi nikamwambia Masanja: natoka. Bibi ndiye mwenye utani na mchumba wa mjukuu. Nisipokuwepo nani atamwita yule kijana mume wangu, wewe? Akacheka bila kutaka.

Wageni wakaingia, wakakaa. Nikajifunga kitenge changu kipya, nikatoka. Kufika mlango wa sebule, miguu ikaganda.

Wote wananitazama.

Ndiyo tabia ya huu ugonjwa. Mlangoni miguu inashikwa kama imetiwa saruji, ukilazimisha unaanguka. Masanja akainuka aje kunibeba. Nikamwonyesha kiganja: kaa. Nikaanza wimbo wetu wa kulimia, ule tulioimba wasichana tumejipanga shambani na majembe, ngoma inapigwa nyuma yetu. Jembe likishuka, mguu unakwenda. Kliniki waliniambia nitafute mdundo wa kutembelea, nikawaambia mdundo ninao tangu sijaota meno ya ukubwani. Sauti ndogo, lakini mshenga wao, mzee wa makamo yangu, akautambua. Akaupokea, anapiga meza kwa viganja. Mguu ukanyanyuka.

Nimepita mlango nikilima!

Nikakaa. Mkono unatetemeka mapajani, sikuufunika. Nikawaambia karibuni, mkono huu usiwatishe, ni ugonjwa wa Pakinsoni, hauambukizi, wala hakuna aliyeniroga, angeniroga apate nini, dagaa? Wakacheka. Kijana akaja akapiga goti, "Shikamoo bibi." "Marahaba mume wangu. Mbona mwembamba hivyo, ndiyo utaweza kulisha wake wawili?" Kijana wa watu jasho likamtoka.

Shangazi yake tu ndiye hakucheka. Mama mnene, kapendeza, uso kaukunja. Akauliza mbele ya wote, "Na hiki kitu kinarithiwa, bibi?"

Masanja akaangalia dari. Nikamjibu kama nilivyoambiwa na daktari: kwa watu wengi hakirithiwi, kwa wachache kinatembea kwenye ukoo. Kwetu sisi, kwa tunaowajua, wa kwanza ni mimi. Zaidi ya hapo daktari hajui, na mimi sijui. Niliona kama posa inavunjika, bora ivunjike kwa ukweli.

Mshenga akakohoa. "Jamani, sisi tumekuja kumposa Minza, hatujaja kuposa mkono wa bibi."

Basi, wamekubaliana. Na huyu Minza hapa anatabasamu, anajifanya anaandika tu.

Wakati wanaaga, nilikuwa nimetoka uani kupunga hewa. Yule shangazi akanifuata. Akachuchumaa pembeni yangu na gauni lake zuri, uso siyo ule wa sebuleni. Akanong'ona, "Bibi, dada yangu yuko hivi hivi. Tumemweka chumba cha nyuma, wageni wakija tunafunga mlango. Tulijua amerogwa. Hiyo kliniki iko wapi?"

Maneno nilikuwa nayo, na makali. Kanitolea macho vile mbele ya watu! Lakini nikaona kidevu kinamcheza kuliko mkono wangu. Nikayameza. Nikamwambia Jumatatu amtoe dada yake, waje hapa kwangu, twende wote. Na leo akifika nyumbani afungue ule mlango.

Kumbe Masanja alikuwa kasimama nyuma yetu, kasikia yote. Hakusema samahani, hajazoea. Aliuliza tu, "Jumatatu saa ngapi, mama? Nitawapeleka."

Sasa nimekaa hapa nawaza. Huyo dada wa shangazi kule Buswelu amekaa muda gani chumbani bila mtu kumwambia kwamba ugonjwa wake una jina?