Makaa ya Masanja

Mume wangu mdogo Kulwa,

Marahaba. Hapa Kambarage hatujambo. Mama yako ameshapanda karanga, na jogoo wako bado mkorofi. Unaniuliza, huko machimboni Nyarugusu, kama Mungu anaweza kumpenda mtu ambaye hajatubu.

Miaka ya hamsini, nikiwa msichana, jirani yetu Masanja aliingiza ng'ombe wake shambani kwetu makusudi, wakala mtama wetu wote. Wazee wakaamua atengwe: asisalimiwe, asipewe hata moto wa kupikia. Kiberiti kilikuwa adimu. Asubuhi moja mama akatia makaa kwenye kigae.

“Mayu, hajaomba hata msamaha!” nikamwambia mama. “Na sisi tutatengwa.”

“Ataombaje, na hakuna anayemsemesha?”

Akapita katikati ya kijiji, nami nyuma yake, watu wakitutazama. Masanja alipoona ule moto mlangoni pake alipiga magoti, na hapo ndipo akaomba msamaha huku akilia.

Moto ulitangulia, Kulwa, machozi yakafuata. Kila nikisikia habari za Msalaba namwona mama na kigae chake. Basi usiogope. Makaa yako yameshafika mlangoni. Fungua, yasije yakamuunguza vidole aliyeyaleta.

Bibi yako