Upande wa Ukutani

Mlandege, Jumanne, Juni

Hadi leo jioni sikuwa nimemwambia mtu kwamba mimi ndiye niliyemhamishia mdogo wangu Neema upande wa ukutani wa godoro letu. Nilimdanganya kwamba huko kuna joto. Kumbe kuvu ilikuwa imefika kwenye mto wangu, na vitabu vyangu vilikuwa vimeanza kunuka.

Hiyo ilikuwa kabla ya Pasaka. Sasa anakohoa mpaka anashindwa kumaliza anachosema. Ana miaka sita.

Leo mchana Mama alimlalamikia mwenye nyumba kwamba chumba chetu kimelowa. Mwenye nyumba akacheka. "Mama Tumaini, Iringa hii, Juni hii, nani ukuta wake mkavu? Pakeni rangi. Kama hampapendi, wapo wanaopataka."

Mama akarudi ndani. Alimchua Neema kifua, akaniambia, "Ni baridi tu, itapita."

Nikaitikia, "Ndiyo, Mama." Najichukia kwa ile ndiyo.

Jioni niligeuza godoro letu. Upande wangu ulikuwa na madoa machache. Wa Neema ulikuwa mweusi kuanzia kichwani hadi pale miguu yake inapoishia.

Nikamwita Mama, nikamweleza yote, hata ule uongo wa joto. Hakunipiga. Aliweka sikio kwenye kifua cha Neema, akasikiliza kwa muda mrefu, kisha akamvika sweta mbili wakapanda bodaboda kwenda hospitali.

Mimi nimeburuta godoro hadi uani, nimefungua dirisha, nimekaa. Hawajarudi.